Kukadiria muda wa kazi ya programu kwa namba tatu

Kwanza, kubalianeni kazi itahesabika imekwisha lini. Chukua kipengele cha kumsaidia mtumiaji aliyesahau nenosiri. Kinaisha kinapofanya kazi kwenye kompyuta yako, au watumiaji wanapoanza kukitumia? Wasanidi wengi hukadiria la kwanza, halafu wakadaiwa la pili.

Kisha vunja kazi vipande visivyozidi siku moja kila kimoja: fomu, tokeni (alama ya siri ya kumtambua mtumiaji) kwenye hifadhidata, baruapepe yenye kiungo, majaribio. Kipande kinachokataa kuvunjika bado hujakielewa. Usikipe namba, omba saa mbili tatu usome msimbo (maandishi ya programu yenyewe) kwanza.

Sasa kila kipande kipe namba tatu: saa kikienda vizuri, saa za kawaida, na saa mambo yakiharibika. Fomula inatoka kwenye PERT, mbinu iliyobuniwa na jeshi la majini la Marekani mwaka 1958 kwa mradi wa makombora ya Polaris: jumlisha ya kwanza, ya pili mara 4 na ya tatu, kisha gawa kwa 6. Baruapepe, tuseme, ni 2, 4 na 12. (2 + 16 + 12) ÷ 6 = saa 5. Ile 4 iliyokujia kichwani haikuhesabu siku ambayo ujumbe unaishia kwenye barua taka.

Namba ya tatu ndiyo yenye kazi. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya tabia yetu ya kupanga kana kwamba kila kitu kitakwenda sawa, hata kama kazi za aina hiyo hiyo zilichelewa. Kwa hiyo usiibuni. Fungua rekodi za kazi zako zilizopita, tafuta kazi inayofanana iliyokusumbua zaidi, chukua saa zake.

Fomu (1, 2, 3) inatoa 2, tokeni (2, 3, 10) 4, majaribio (2, 3, 4) 3. Pamoja na baruapepe, jumla 14. Usiitoe 14 peke yake. Kwa kila kipande, toa ndogo kwenye kubwa, gawa kwa 6, zidisha jibu kwa lenyewe. Jumlisha yote, tafuta kipeuo cha pili. Hapa ni kama saa 2. Ongeza mara mbili yake, useme: "Saa 14, huenda zikafika 18." Vipande vikitegemea huduma moja ya nje, panua zaidi, kwa sababu vitakwama pamoja.

Saa hizo ni za kazi yenyewe. Ikiwa rekodi yako inaonyesha saa 4 za msimbo kwa siku, basi ni siku tatu na nusu hadi nne na nusu.

Kipande chochote kikipita namba yake ya tatu, waambie wenzako siku hiyo hiyo na ukokotoe upya yaliyobaki.