Kupima mabaki ya dawa kwenye nyanya maabara, hatua kwa hatua

Watu wengi wakisikia kupima mabaki ya dawa wanawaza mashine tu, ile ya mamilioni ya hela, lakini majibu mengi yanaharibika kabla hata sampuli haijaifikia mashine. Hapa nafata nyanya mwanzo mwisho kwasababu inapigwa dawa sana na sisi wote tunaila mbichi kwenye kachumbari, watoto nao wanakula.

Sampuli kwanza. Usichukue nyanya tatu za juu ya tenga alafu ukasema umepima shamba. Codex, wale wanaoweka viwango vya chakula vya dunia, wanataka angalau kilo 1 na matunda yasipungue 10 kwa vitu vya saizi ya nyanya, kabichi ni kilo 2 na vichwa visipungue 5. Okota sehemu tofauti, pembeni ya shamba na katikati, au kama ni tenga basi juu, katikati na chini kabisa. Na usioshe! Hata ukiona ungaunga mweupe umeganda kwenye ganda usifute, toa kikonyo basi. Weka kwenye mfuko mpya, andika tarehe ya kuvuna na dawa ya mwisho ilipigwa lini, weka kwenye boksi lenye barafu, na tafadhali isisafiri kwenye buti moja na madumu ya dawa. Muulize mkulima amepiga nini ila usiishie kutafuta hizo alizotaja tu, upepo unaleta na za jirani.

Ukifika maabara kata vipande, gandisha kwenye nyuzi -20, alafu saga na barafu kavu mpaka iwe unga laini wa baridi. Nyanya ikisagwa ikiwa ya moto kuna dawa zinaanza kuvunjika humohumo kwenye blenda. Kwenye kusaga ndo sipendi mtu akimbie, maana kati ya kilo nzima utapima gramu 10 tu na hizo gramu 10 ndo zitasemea shamba zima. Kitu kingine kinachowashangaza wageni ni ndizi, inasagwa na ganda lake.

Sasa kuitoa dawa kwenye nyanya. Njia inayotumika karibu kila mahali saivi inaitwa QuEChERS, ilitoka mwaka 2003 kwa watafiti kina Anastassiades na Lehotay, na imependwa kwasababu haili kemikali nyingi. Pima gramu 10 za nyanya kwenye tyubu ya mililita 50, weka mililita 10 za asetonitraili, kimiminika kinachoitoa dawa, na kiwango cha ndani, yaani kemikali ya kipimo unachokijua ya kukagulia kazi yako, wengi wanatumia trifenili fosfeti, tikisa kwa nguvu dakika moja. Alafu mimina chumvi, gramu 4 za magnesiamu salfeti, gramu 1 ya chumvi ya kawaida ya maabara, gramu 1 ya trisodiamu sitreti na nusu gramu ya disodiamu sitreti, funga na tikisa SEKUNDE HIYOHIYO. Ile magnesiamu inanyonya maji kwa fujo na tyubu inapata joto mkononi, ukichelewa inaganda bonge chini na hilo bonge hulivunji tena, rudia upya. Ipeleke kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, dakika 5, asetonitraili itapanda juu ikiwa na rangi ya chungwa na dawa nyingi zitakuwa humo. Chukua hiyo ya juu, kila mililita 1 isafishe na miligramu 150 za magnesiamu salfeti na miligramu 25 za PSA, unga wa kusafishia, hiyo PSA inashika sukari na asidi. Mboga za kijani kama mchicha unaongeza kaboni kidogo kushika ukijani, kidogo kweli, maana ikizidi inashika na dawa zenyewe. Yote haya fanyia kwenye kabati la kuvuta hewa, asetonitraili ni sumu na inashika moto.

Baada ya hapo ndo mashine. LC-MS/MS, inayotenganisha dawa kwenye kimiminika, kwa zile zinazopenda maji na zisizovumilia joto, GC-MS/MS, inayotenganisha kwenye gesi, kwa zinazogeuka mvuke bila kuvunjika, kama pairethroidi, kundi la dawa za wadudu. Mstari wa kalibresheni, ule wa kulinganishia namba za mashine, utengeneze ndani ya dondoo la nyanya isiyo na dawa, sio kwenye asetonitraili tupu, uchafu wa nyanya unapandisha au kushusha ishara na namba inakudanganya. Usikubali dawa kwa kilele kimoja kwenye mchoro wa mashine, ioni mbili, yaani vipande viwili vya dawa hiyo, zionekane, uwiano wao usipishane zaidi ya asilimia 30 na muda wa dawa kutoka kwenye mashine usicheze zaidi ya dakika 0.1.

Kila bechi iwe na nyanya safi uliyoitia dawa mwenyewe. Mikrolita 100 za mchanganyiko wa dawa wa mikrogramu 1 kwa mililita kwenye gramu 10 inakupa miligramu 0.01 kwa kilo, tena ni rahisi kukagua maana gramu 10 kwenye mililita 10 ni moja kwa moja, mashine ikisoma nanogramu 10 kwa mililita ujue ni hiyohiyo 0.01. Mashine ikurudishie kati ya asilimia 70 na 120 ya ulichotia. Ikikurudishia 45 usitoe majibu ya bechi hiyo, hata kama mteja anapiga simu.

Sasa hapa ndo pananiuma. Mankozebu, ile dawa ya ukungu inayoacha ungaunga kwenye nyanya sokoni, QuEChERS haiioni. Ripoti inaweza kusema nyanya ni safi wakati unga unauona kwa macho. Hiyo inapimwa kivyake, nyanya inakatwa tu bila kusagwa, inachemshwa na stanasi kloraidi na asidi ya haidrokloriki kwenye chupa iliyozibwa, unapima gesi ya kaboni daisalfaidi. Kwenye kabichi, sukuma na vitunguu kuwa makini, vyenyewe vinatoa gesi hiyo kiasili. Glaifoseti, dawa ya magugu, nayo ina njia yake. Na vile vikaratasi vya kupima harakaharaka vinavyotumia kimeng'enya vinaona makundi ya oganofosfeti na kabameti tu, pairethroidi haviioni.

Tafuta pia dawa ilichogeuka. Daimethoeti, dawa ya wadudu, kwenye mmea inakuwa omethoeti, na hizo ndo zilisumbua mishiri (maharage machanga ya maganda) ya Kenya mpaka Ulaya ikakaza ukaguzi mwaka 2013.

Kwenye ripoti usiandike "hakuna", andika "chini ya 0.01", yaani miligramu kwa kilo, na orodha ya dawa ulizotafuta, ili anayesoma ajue mankozebu ilipimwa au haikupimwa. Ulaya wanatoa asilimia 50 ya mashaka kabla ya kumhukumu mtu, yaani kikomo cha kisheria kikiwa 0.01 na umepata 0.018, ukitoa nusu inabaki 0.009, anapita. Ukipata 0.024 inabaki 0.012, hapo kazidi. Lakini mkulima anayepeleka nje mwambie hata hiyo 0.018 aishughulikie kabla ya kuvuna tena, na ule unga wa nyanya uliosaga ukabaki uache kwenye friza mpaka mteja aseme kama anataka kurudia.