Kabla hujaweka T kwenye klasi yako ya Java

Nyie mnaoanza Java huku Pemba na Unguja, hasa mnaotaka kutengeneza programu za kupimia karafuu, kabla hujagusa hayo mabano ya < > jiulize kwanza: hapa natangaza jina jipya au natumia aina ambayo ishakuwepo? Mana makosa mengi ya jeneriki (yaani klasi au metodi inayoachiwa nafasi ya aina ijazwe baadaye) yanaanzia hapo.

Tuseme unayo klasi Karafuu yenye metodi uzito(), halafu ukaandika class Gunia<Karafuu> ukidhani umesema gunia la karafuu. Hujasema hivyo. Umetangaza parameta mpya (jina la kushikilia nafasi ya aina itakayotajwa baadaye) ukaipa jina Karafuu, na humo ndani ile Karafuu yako ya kweli ishafichika, ni sawasawa na kuandika Gunia<T>. Sasa ukiwa na Karafuu k humo ndani ukaita k.uzito(), kompaila inakataa, inakwambia metodi hiyo haioni, na wewe metodi unaiona hiyoo kwenye faili la pili, hapo mtu anaweza kukesha. Kama gunia ni la karafuu tu basi jeneriki huihitaji, weka List<Karafuu> ndani yake yatosha. Kama litabeba mazao mbalimbali, uzito() ikae kwenye Zao, klasi mama ambayo Karafuu inairithi, uandike class Gunia<T extends Zao>, na Karafuu uitaje wakati wa kutumia: Gunia<Karafuu> g = new Gunia<>(). Ndo mana mimi nasisitiza herufi moja kubwa, T au E, ukiiona tu unajua hii parameta. Na metodi iliyo ndani ya Gunia<T> usiitangazie tena <T> yake, itakuwa T nyengine kabisa.

Jengine, Karafuu ni Zao lakini List<Karafuu> si List<Zao>. Ingekubalika, mtu angetia makonyo (vikonyo vya karafuu, nayo ni Zao vilevile) kwenye orodha ya karafuu na kompaila isishtuke. Metodi ya kusoma tu ipokee List<? extends Zao>, yaani orodha ya Zao au aina yoyote iliyo chini yake, ya kutia karafuu ipokee List<? super Karafuu>, yaani orodha ya Karafuu au aina yoyote iliyo juu yake.

Ndani ya mabano hayo int haiingii, weka Integer. List kavu bila aina usiandike, imeachwa kwa ajili ya kodi za kabla ya Java 5 ya mwaka 2004, kompaili na -Xlint:rawtypes,unchecked uone maonyo yake yote na uyafanyie kazi. new T() nayo haikubaliki mana aina hufutwa wakati wa kukompaili, kwa hivyo pitisha Supplier<T>, yaani kipande cha kodi kinachorudisha T, ikuundie.