Kutoka studio ya Kondele hadi masikioni mwa watu: kusambaza wimbo bila lebo

Kwa miaka tisa nimerekodi wasanii hapa Kondele, Kisumu, na nimeona nyimbo nzuri zikifa wiki ile ile zilipozaliwa. Mwenye wimbo huupandisha YouTube Ijumaa usiku, akatuma kiungo kwenye makundi matano ya WhatsApp, kisha akakaa kungoja. Wimbo unahitaji watu wa kuubeba, na watu hao utawafuata walipo. Huu ndio utaratibu ninaowapa wasanii wangu.

Hatua ya 1: Toka studio na kila kitu

Dai faili ya WAV (sauti kamili isiyobanwa), nakala ya MP3 ya 320 kbps, na ala tupu bila sauti ya mwimbaji. Ala tupu utaihitaji siku utakapoitwa kuimba harusini bila bendi. Picha ya jalada iwe na pikseli 3000 kwa 3000.

Kabla hamjaachana, andikeni karatasi ya mgawanyo: nani alitunga, nani alipiga gitaa, prodyuza anapata asilimia ngapi. Kila mtu atie sahihi. Nimeona marafiki wa utotoni wakinuniana kwa wimbo mmoja kwa sababu karatasi hii haikuandikwa. Kisha sajili kazi yako KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na uwaulize ni vyama gani vya kukusanya mirabaha vina leseni mwaka huu.

Hatua ya 2: Jina moja, tarehe moja

Kwenye programu za muziki kama Spotify na Boomplay utafika kupitia msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayokupelekea wimbo huko. Andika jina lako kwa tahajia ile ile kila mara. Mimi mwenyewe niliwahi kumwongezea msanii herufi moja, nyimbo zake zikagawanyika kwenye kurasa mbili, na kuziunganisha kukatuchukua wiki nyingi. Niliumia kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Panga tarehe ya kuachia wiki nne mbele. Ukurasa wa wasanii wa Spotify hukuruhusu kuwapendekezea wimbo wahariri wa orodha zao, lakini lazima uwe haujatoka, na ufanye hivyo angalau siku 7 kabla. Ukishatoka, nafasi hiyo imekwisha.

Atakayekuuzia wasikilizaji elfu kumi kwa M-Pesa, mkatae. Ni mashine, na wimbo unaweza kuondolewa.

Hatua ya 3: Flashi, matatu na duka la muvi

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na hapa ndipo wimbo hupata maisha. Wahudumu wa boda, kinyozi, mama wa samaki kule Dunga: wengi wao hawatafuti wimbo kwenye programu. Wanasikiliza kilichomo kwenye flashi, na flashi hujazwa dukani, pale stendi au karibu na soko la Kibuye.

Kabla ya kuigawa MP3, fungua maelezo yake kwenye kompyuta, ujaze jina lako, jina la wimbo, na namba ya simu ya kazi. Usipofanya hivyo, kioo cha redio ya matatu kitaonyesha "Track 07", na abiria aliyeupenda hatajua amtafute nani. Nenda dukani mwenyewe, msalimie mwenye duka, mwombe ausikilize pale pale. Akitikisa kichwa, mwachie. Rudi baada ya wiki umuulize wateja wanasemaje. Dereva naye mfuate anaposubiri zamu, akiwa na nafasi ya kukusikiliza.

Ma-DJ wa klabu wape nakala yenye mapigo matupu mwanzoni, ili waweze kuuchanganya na wimbo mwingine.

Hatua ya 4: Redio

Tafuta kipindi kabla ya kituo. Benga au ohangla ya Kiluo ina nafasi Radio Ramogi au Nam Lolwe FM; wimbo wa Kiswahili unahitaji kipindi kingine. Sikiliza kipindi hicho wiki nzima, kisha mwandikie mtangazaji:

"Habari ya asubuhi, dada. Mimi ni msanii kutoka Nyalenda. Naomba usikilize wimbo wangu wa benga, dakika tatu na sekunde kumi. Kiitikio kinaanza sekunde ya 40. Hauna matusi. Ukikupendeza, nitafika studio siku yoyote utakayosema."

Kama una maneno makali, andaa nakala safi. Kanuni za utangazaji huzuia maudhui ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Asipojibu, mkumbushe mara moja tu.

Hatua ya 5: Skiza

Skiza ni huduma ya Safaricom inayomfanya anayekupigia simu asikie wimbo badala ya mlio wa kawaida. Kata kipande kinachoanza moja kwa moja kwenye kiitikio, kwa kuwa anayepiga simu husikia sekunde chache tu. Ukipata msimbo wa kuuchagua wimbo wako Skiza, uandike kwenye jalada, bango na video. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa msanii si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hii, kwa hiyo soma mkataba wa kampuni ya kati inayoupeleka wimbo Skiza kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya 6: Soma miji

Baada ya mwezi, fungua takwimu zako za Spotify na YouTube uangalie wasikilizaji wako wako miji gani. Ukiona Nakuru au Kakamega inapanda, tafuta DJ mmoja wa huko, mtumie ile nakala yenye mapigo matupu, umuulize ni ukumbi gani hupokea wasanii wageni.