Senario yako ya filme itasomwa na nani? Namna ya kupima maelezo

Mbele ya kuandika hata mustari moja ya maelezo (ile yenye inasema tutaona nini ku filme), jiulize ile karatasi itafika ku mikono ya nani, ju kuko batu benye banaomba maelezo mingi, na kuko benye bakiona paragrafu ya mistari nane banairuka banaenda paka ku dialogi, na bote banasoma senario ileile.

Tukamate sini moja: Kituku, soko ya pembeni ya ziwa Kivu mu Goma, asubui sana, mama mumoja anashusha sambaza (samaki ndogo ndogo) ku mutumbwi, kijana anazipakia ku chukudu.

Produktere, ao batu ba komisio benye banatoaka makuta, banasoma senario mingi mingi. Bo banataka kuona filme mu kichwa bila kusimama. Mistari mbili ao tatu inatosha. Lakini kama ule mutu anasomea Paris ao Bruxelles, neno chukudu peke yake halimwambie kitu, na hapa njo wengi betu banapotea: moja anaacha neno vile vile, mwengine anaandika paragrafu nzima ya kufundisha chukudu ni nini. Mi naandikaka hivi: "Chukudu, trotineti kubwa ya mbao, inashuka na mabasani tatu ya sambaza. Kijana anaifunga freni na mguu ku gurudumu ya nyuma." Mutu wa Birere, mutaa wa Goma, hachoki ju kitu kinatembea, na ule wa mbali ameshaona yote.

Akteri ye anatafuta kitendo. Ukimwandikia "mama iko na huzuni sana" atafanya sura ya huzuni, basi. Andika "anahesabu makuta mara mbili, kisha anarudisha noti moja", utaona vile atacheza.

Realizatere, mwenye anaongoza filme, kama haiko weye mwenyewe, usimwambie kamera ikae wapi. Mwachie kazi yake.

Kisha kuko asistanti mwenye anapasua senario kipande kwa kipande, kila ukurasa anaugawa mu bipande 8, anahesabu batu, nguo, bintu bya kushika. Ule njo anataka usahihi kuliko bote. Ukiandika "soko imejaa batu" atakuuliza batu wangapi, ju bote batakula na batabebwa na gari. Na ukiandika USIKU tu, mutu wa kamera atabaki na swali: umeme iko ao haiko? Usiku wa Goma na mushumaa, na torshi ya simu, na taa za gari yenye inapita, ni usiku tatu tofauti kabisa. Sema mwangaza inatoka wapi, ni maneno mbili tatu tu, na yanasaidia hata ule wa Paris.

Kitu chenye kinanigusa sana ni kumbukumbu ya mu vichwa bya batu. Tunaandikaka "anakumbuka volkano ya 2002 yenye ilichoma nyumba yake". Kamera haione kukumbuka! Mais ukiandika "Anaingia mu nyumba kupitia dirisha ya zamani. Mulango iko chini, imezikwa mu makoro" (mawe ya volkano), hapo mutu wa Goma moyo unapiga, na mugeni anaelewa kama hapa udongo ulipanda, bila tarehe, bila hotuba.

Pima pia urefu. Kwa kawaida ukurasa moja unahesabiwa kama dakika moja ya filme. Sasa ukimaliza nusu ukurasa ku rangi ya ziwa yenye tutaona sekunde tano, hesabu inaharibika. Na kinyume chake pia, "batu wote banakimbia volkano Nyiragongo" ni mustari moja lakini ni dakika mingi na siku mingi za kazi, ile uivunje mu bitendo, mustari kwa mustari.

Ukimaliza, patia sini mutu mwenye hajafikaka Kituku. Asome mara moja, umunyanganye karatasi, akuelezee. Penye amekuuliza swali, ongeza. Penye amesahau, futa, labda kama amesahau rangi ya kikwembe na kile kikwembe kitarudi mu sini ya 40, hapo uitafutie kitendo: mama akifungie basani, akikamue maji, kitu chenye kitabaki mu macho.