Ski ya majini kwa mara ya kwanza hapa Kisumu: acha boti ikuinue

Ski ya majini ni kuvutwa na boti kwa kamba ukiteleza juu ya maji na mbao mbili miguuni, hizo mbao ndizo ski. Kwanza sahau mambo ya nguvu. Mimi siku ya kwanza nilianguka mara sita, pua yote imejaa maji ya ziwa, juu kila boti ikianza kuvuta nilikuwa nakunja mikono nijivute nisimame haraka, na ukijivuta hivyo kamba inalegea, unarudi chini kwa matako, pwaa!

Sasa kabla uguse maji, fanya hii nyumbani. Chuchumaa kwa nyasi, magoti kifuani kama abiria wa kiti cha nyuma kwa matatu amewekewa gunia miguuni, nyoosha mikono ipite magoti, shika kijiti kimefungwa kamba na mwambie rafiki akuvute polepole. Usikunje mkono, usijisimamishe, yeye ndiye akuinue. Rudia mara ishirini hivi.

Enda asubuhi. Mchana upepo wa ziwani ukishaamka maji yanakuwa mabonde na milima, na anayejifunza hataki hiyo. Pia kuna wale watakwambia uanzie maji ya kiuno kando ya ufuo. Huku usithubutu, maji mafupi yenye majani ndiko konokono wa kichocho wanakaa, na viboko nao wanapenda huko kwa mafunjo. Boti ikupeleke ndani, mbali na gugu maji, nyavu na vizimba vya samaki, na uulize wavuvi wa Dunga, ule ufuo wa hapa Kisumu, kwanza viboko wako upande gani leo. Hata hivyo baada ya miezi miwili mitatu kapimwe kichocho, dawa iko.

Laifu jaketi ni lazima, ikubane, hata kama unaogelea kama kambare. Kwa boti wawe wawili, mmoja anaendesha, mwingine kazi yake ni kukuangalia wewe tu.

Ukiwa majini, kamba (huwa kama mita 23) ipite katikati ya ski, magoti kifuani, ncha za ski zitokeze juu ya maji. Hizo ncha ndizo siri. Ralph Samuelson, kijana wa Marekani aliyeanzisha huu mchezo 1922 kwa Ziwa Pepin, alijaribu mpaka mbao za mapipa na ikakataa, alikuja kusimama alipoegemea nyuma ncha zikiwa juu. Kamba ikikaza sema twende. Maji yatakusukuma kifua vibaya sana na utaskia unataka kusimama, usisimame! Hesabu mpaka tano ukiwa bado umechuchumaa, ski zikianza kuteleza juu ndio unanyooka pole pole, magoti yamekunjika kidogo, macho kwa boti, si kwa miguu. Mtu mzima kilomita 25 mpaka 30 kwa saa inatosha.

Ukianguka achia kamba, wengi hung'ang'ania wanaburutwa wakinywa ziwa. Halafu inua mkono wajue uko sawa. Kidole gumba juu ni ongeza, chini ni punguza, kujigonga kichwa ni nirudishe. Na usisogelee boti kupanda kabla enjini izimwe kabisa, hiyo propela haina urafiki.

Siku ya kwanza raundi nne tano basi, mikono ikichoka utaanza tu kuikunja tena.