Kulala Boma la Mikindani: lijue jengo kabla ya giza

Mikindani iko kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kando ya barabara ya Lindi. Boma ni lile jengo jeupe lililo juu ya mji. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, na mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likalikarabati na kuligeuza hoteli. Wapo wanaokwenda kwa ajili ya historia. Wapo pia wanaokwenda kwa sababu huku pwani jumba kongwe la mawe halikosi kusemwa lina majini. Wote hao maandalizi yao ni mamoja.

Piga simu siku mbili tatu kabla. Uliza kama vyumba na jiko vinafanya kazi siku hiyo, na umeme ukikatika kuna nini. Chakula kiagize mapema, walau saa mbili kabla ya kula, kwa maana wageni wakiwa wachache jiko halikai na vitoweo tayari. Pweza hupatikana zaidi siku za bamvua, bahari inapokupwa sana na miamba kubaki wazi. Ukifika wakati wa maji mafu ukaambiwa hakuna, kubali samaki na wali wa nazi.

Daladala za Mtwara na Mikindani zipo mchana kutwa. Mwambie konda akushushe Mikindani, kisha upande kilima kwa miguu au bodaboda. Fika saa tisa alasiri, usisubiri jioni. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili, na saa hizo tatu za mwanga ndizo zenye faida kuliko usiku wote unaofuata.

Zitumie kulikagua jengo. Sukuma kila mlango na dirisha la upande wako uone komeo lipi limelegea. Panda ngazi polepole ujue inalia wapi. Uliza tangi la maji na jenereta viko wapi. Tazama chini ya mapaa: vinyesi vidogo vyeusi kama vya panya, vinavyovunjika ukivifinya kwa kijiti, ni vya popo, na popo wataruka jua likizama. Kagua chandarua kama kina tundu, kwani huku mbu ana madhara ya hakika. Tochi iwe mkononi kabla ya magharibi.

Sasa usiku. Mawe na chokaa hushika joto la mchana, na mbao za paa hujikunja zikipoa; ndiyo maana milio ya kukatika husikika zaidi saa za kwanza baada ya giza. Vikokoto vinavyodondoka ndani ya ukuta mara nyingi ni plasta. Pale fundi alipoziba chokaa ya zamani kwa saruji, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, na plasta humeguka yenyewe. Sauti ya mtoto analia juu ya miti ni komba. Hiyo ndiyo huwatoa watu vyumbani, na asiyewahi kumsikia komba hana lawama. Vishindo kwenye mbuyu ulio na maua ni popo, kwa sababu maua yake huchanua usiku nao hufuata utamu wake. Ukisikia mngurumo mzito wa mbali usidhani ni treni: Reli ya Jimbo la Kusini, iliyojengwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Yapitayo sasa ni malori ya bandarini.

Sauti usiyoitambua iandikie saa, mahali na upande wa upepo, kisha nenda mahali hapo asubuhi. Usitoke gizani kuitafuta. Wanaoumia kwenye majumba haya huumizwa na ngazi.

Kuhusu majini, uliza kwa adabu na kwa faragha. Anza na shikamoo, kaa kwanza, na usimtake mzee akuigizie mbele ya simu. Mikindani ilikuwa kituo cha misafara iliyoleta watumwa na pembe za ndovu kutoka bara, kisha ikawa makao ya utawala wa kigeni. Yanayosimuliwa hapa ni habari za jamaa za watu. Atakayekwambia "tuyaache hayo" amekwisha kukujibu. Mjini vaa nguo za heshima, na mwezi wa Ramadhani usile barabarani mchana.

Maghofu ya mawe yaliyo chini mjini yatazame ukiwa nje. Paa likishaondoka mvua huosha chokaa kati ya mawe, mchwa hula boriti, na mizizi ya miti hupasua kuta. Sakafu ya ghorofa inayoonekana nzima yaweza isihimili mtu mmoja. Kati ya Desemba na Aprili, msimu wa mvua, usisimame hata chini ya kizingiti.