Pikapu Ikigoma Kuwaka: Pima Kwanza Kabla ya Kununua Stata

Ughaibuni fundi hulipwa kwa saa, na saa hizo huhesabiwa hata anapokuwa bado anatafuta ugonjwa. Kwa hiyo ni vizuri ujue mwenyewe, kabla hujampigia simu, kama kweli stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imekufa. Nasisitiza hili kwa sababu stata husingiziwa sana: unanunua mpya, unaifunga, na gari linagoma vilevile kwa kuwa kosa lilikuwa kwenye waya ulioliwa na kutu.

Anza kwa kusikiliza. Ukizungusha ufunguo ikalia ta-ta-ta-ta ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, umeme hautoshi: angalia betri na vichwa vyake. Ikigonga "ko!" mara moja kisha kimya, na taa hazikutikisika, hapo shuku stata. Ikivuma bila injini kuzunguka, bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayoshika meno ya injini, inateleza. Ikikwaruza chuma kwa chuma, usiendelee kujaribu. Meno ya flaiwili, gurudumu la injini linalozungushwa na stata, yakiisha, itabidi gia boksi ishushwe. Kimya kabisa? Kagua fyuzi na relei (swichi ndogo ya umeme). Kama ni ya otomatiki, jaribu kuwasha ikiwa kwenye N badala ya P. Kama ni ya manyuo, chunguza swichi iliyo kwenye pedali ya klachi.

Sasa chukua mita ya kupimia volti. Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0 imeisha, ichaji kwanza. Mtu akizungusha ufunguo, isishuke chini ya 9.6 hivi. Kwenye nchi za baridi kali kuwa mwangalifu zaidi, maana kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na wakati huohuo oili nzito huilemea injini. Stata nzima inaweza kuonekana mgonjwa asubuhi ya namna hiyo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha waya. Gusisha ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye nati kubwa ya stata, kisha mwenzako azungushe ufunguo. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fanya hivyo upande wa hasi pia, kutoka betri hadi ganda la stata; hapo isizidi 0.3. Mwisho pima ule waya mwembamba wa stata, unaoleta umeme kutoka kwenye ufunguo: ukipata umeme wa kutosha ufunguo ukizungushwa, nyaya nene nazo ni salama, na stata bado imelala, basi ni yenyewe. Ukiigonga taratibu kwa nyundo ikaamka, huenda kaboni zake, zile zinazopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha. Itakufikisha nyumbani, lakini usiitegemee kesho.

Kuibadilisha si kazi ngumu, ila ina hatari zake. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Ule mnene wa chanya unaokwenda kwenye stata kwa kawaida hauna fyuzi, na spana ikigusa bodi inaweza kuyeyuka au kukuunguza. Zuia magurudumu kwa vigingi na uweke stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Fungua nyaya, kisha bolti, ambazo mara nyingi ni mbili. Ya juu hufichika, kwa hiyo uwe na ekstensheni ndefu. Shikilia stata bolti ya mwisho inapotoka, maana ni nzito. Ukikuta vibati vyembamba kati yake na injini, virudishe vilevile.

Usitupe ile ya zamani. Marekani na Kanada maduka mengi ya vipuri hutoza amana, na unarudishiwa ukiipeleka. Tena kama stata yako ni ya Denso, aina inayopatikana kwenye Toyota nyingi, na ilikuwa ikigonga tu, huenda ni zile kontakti za shaba ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) zilizolika. Hizo huuzwa peke yake kwa bei ndogo sana.

Ukifunga mpya, sugua vituo vya nyaya ving'ae, linganisha idadi ya meno na ya zamani, na umalizie na waya wa hasi. Unapojaribu, usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10. Iache ipoe dakika moja au mbili ndipo urudie.